Obama: kumvaa mwenye kiti, au kungoja kiti kiwe wazi?

Barack Obama aliingia Seneti ya Jimbo la Illinois kwa uchaguzi wa 1996. Akiwa huko alijaribu kupanda ngazi mara mbili, na mara zote mbili aligombea bila kukiachia kwanza kiti chake cha jimbo.

Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge wa Chicago katika Bunge la Marekani tangu 1993, katika mchujo wa chama cha Democratic. Rush, aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, kundi lililopigania haki za Wamarekani weusi, alijulikana kila mtaa. Obama alionekana msomi wa chuo kikuu, mtu wa kuja. Miezi michache nyuma mwana wa Rush alikuwa ameuawa kwa risasi, na huruma ya watu ilikuwa kwake. Obama naye, akiwa Hawaii, akakosa kura muhimu ya muswada wa bunduki. Asilimia 61 kwa 30: kipigo hasa.

Mwaka 2004 Peter Fitzgerald, seneta wa Illinois katika Seneti ya Marekani, hakugombea tena. Kiti wazi huvuta wengi, lakini Obama alipata asilimia 53 kwenye mchujo, kisha 70 mwezi Novemba dhidi ya Alan Keyes wa chama cha Republican. Bahati nayo ilimbeba: mpinzani wake wa kwanza, Jack Ryan, alijitoa katikati ya kampeni.