Mazoezi baada ya saratani ya matiti, Kizingo: nyota nne kati ya tano

Kama ulitolewa titi na mpaka leo unaogopa kuinua sufuria ya wali, soma hapa. Darasa liko ghorofani Kizingo, Mombasa, si mbali na ufukwe wa Mama Ngina, na ni la wanawake watupu. Mlango ukifungwa unavua buibui, unatoa na kile kitambaa ulichokunja ukakitia kwenye sidiria, na hakuna anayekutazama mara mbili. Kwangu hilo peke yake latosha kwa zile shilingi 300.

Mwalimu hahimizi kwa makelele. Tangu kemo (dawa kali za saratani) ya kwanza kila ajaye kukujulia hali anakwambia ujikaze, mpaka masikio yamechoka. Yeye anauliza tu, "Leo mkono unafika wapi, dada?" Unasimama ukutani, vidole vinapanda polepole, vikigoma unapiga mstari wa chaki. Wiki ya pili unaukuta mstari wako, na vidole vimeupita kwa inchi moja. Hapo ndipo woga unapoanza kulegea. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika tangu 1977 kwamba mtu huamini anaweza zaidi kwa kuona amefanya kuliko kwa kuambiwa. Chaki ile ilinifanyia kazi kuliko nasaha zote za mashoga zangu, Mungu awaweke.

Kwenye vyuma vya kunyanyua nilisita. Mjini kwetu inajulikana: mkono uliotolewa tezi za kwapani usibebeshwe kitu, utavimba. Mwalimu akatueleza utafiti wa Marekani uliotoka 2009: wanawake 141 ambao mikono yao ilishavimba, nusu yao wakanyanyua vyuma, uzito ukiongezwa kidogo kidogo chini ya uangalizi na mkono umevalishwa soksi ya kubana. Uvimbe wao haukuzidi wa wenzao wasionyanyua. Sisi tulianza na chupa ya maji ya nusu lita. Na usipokuja na karatasi ya daktari, vyuma hupewi hata ukilia. Nilimpenda kwa hilo.

Nyota moja nimeikata kwa ngazi. Hazina pa kushika, na wengi wetu kemo imetuacha na ganzi ya nyayo. Darasa la wagonjwa, jamani! Halafu saa kumi yao ni saa kumi na nusu. Tena wapiga picha wa kundi la WhatsApp waombe ruhusa kwanza. Kuna ambao hata mawifi zao hawajui.

Darasa ni mara mbili tu kwa wiki. Miongozo ya wataalamu ya 2019 inataja mazoezi ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, ndipo wasiwasi, huzuni na uchovu vinapungua, kwa hiyo ya tatu tafuta mwenzio wa darasani mtembee Mama Ngina asubuhi. Ukipanga peke yako utaghairi, mvua au hakuna mvua.

Njoo na leso ya kutandika, mikeka yao haitoshi. Wa Likoni, hesabuni foleni ya feri.