Protini ya Mimea kwa Mnyanyua Vyuma: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayenyanyua vyuma mara tatu au nne kwa wiki, ambaye chakula chake chote hutokana na mimea, na ambaye hufanya manunuzi yake katika soko la kawaida, duka la nafaka au duka kubwa la mjini. Nimevipanga vyakula vya protini kwa kufuata kipi kinastahili fedha zake kwanza. Katika kupanga nimetazama kiasi cha protini ambacho kila shilingi inanunua, ubora wa protini hiyo kwa misuli, muda na nishati ya kukipika, na nafasi ambayo chakula huchukua tumboni. Hili la mwisho husahauliwa na wengi, ilhali mtu aliyevimbiwa hawezi kuchuchumaa na chuma mabegani kwa raha, na raha ya mazoezi haya ndiyo inayomrudisha mtu ukumbini wiki baada ya wiki.

Kwanza ijulikane kinachotafutwa ni kiasi gani. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa tafiti 49 ulioonyesha kuwa, kwa watu wanaofanya mazoezi ya nguvu, faida ya kuongeza protini hufikia kikomo kwenye takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 anahitaji basi kama gramu 112. Kuhusu swali la iwapo protini ya mimea inatosha, watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, walilishughulikia mwaka 2021. Waliwafuatilia vijana 38 wa kiume kwa wiki 12, nusu yao wakila mimea mitupu na kuongezewa protini ya soya, nusu wakila vyakula vyote na kuongezewa protini ya maziwa, kila mmoja akifikia kiwango hichohicho cha gramu 1.6. Misuli na nguvu za miguu ziliongezeka kwa kiasi kinacholingana katika makundi yote mawili. Kendrick Farris, mwanamume pekee aliyeiwakilisha Marekani katika kunyanyua uzito kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alikuwa ameacha vyakula vya wanyama tangu mwaka 2014. Kwa hiyo kinachobaki kwa mnunuzi ni hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua bei ya kilo moja ya chakula kikavu, uigawe kwa gramu za protini zilizomo. Kilo ya vipande vya soya ina kama gramu 500, soya nzima 360, karanga 260, choroko 240, na maharage 220. Hivyo hata vipande vya soya vikiuzwa mara mbili ya bei ya maharage, bado kila gramu ya protini yake inakugharimu pungufu kidogo. Hakikisha unalinganisha vikavu kwa vikavu, kwa sababu maharage yakishapikwa hunywa maji mengi na gramu 100 zake hubaki na protini kama gramu 9 tu. Wanaoanza mazoezi mara nyingi husoma takwimu ya maharage makavu, wakapima sahani ya maharage yaliyoiva, na kujiona wamekula protini mara mbili ya ile waliyoila kweli.

Nafasi ya kwanza: soya, hasa vipande vikavu

Vipande vya soya, ambavyo wengi huviita nyama ya soya, hutengenezwa kwa unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukapashwa joto na kusukumwa kwa shinikizo mashineni hadi ukawa na nyuzi zinazotafunika. Kwa kuwa mafuta yameondolewa, karibu nusu ya uzito wake mkavu ni protini, havichachi upesi kabatini, na huiva kwa dakika kumi hivi. Muhimu zaidi kwa mnyanyua vyuma, soya ina asidi amino (vijenzi vya protini) zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa uwiano ulio bora kuliko wa maharage au mahindi yakiliwa peke yake. Sioni chakula kingine cha mimea katika masoko yetu kinachokaribia sifa hizi zote kwa pamoja, na ndiyo maana ninakiweka juu bila kusita.

Unaponunua, geuza pakiti usome viambato. Pakiti nzuri ina kiambato kimoja, yaani unga wa soya uliotolewa mafuta. Zile zilizotiwa ladha ya kuku au ng'ombe huwa na chumvi nyingi, mara nyingine huwa na viambato vya wanyama, na huuzwa ghali zaidi kwa sababu ya viungo ambavyo jikoni kwako tayari unavyo. Tazama alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukivinunua kwa kupimiwa kutoka guniani, vinuse: vipande vyenye harufu ya uchachu au ya ukungu viache hapohapo. Nyumbani vichemshe kwa maji ya chumvi, uvisuuze, uvikamue vizuri, ndipo uvikaange kwa kitunguu, tangawizi na nyanya, na kumalizia kwa tui la nazi. Kukamua ndiko kunakoondoa ile harufu ya soya inayowachukiza watu mara ya kwanza.

Soya nzima ni nafuu zaidi, na kwa Tanzania hulimwa kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, lakini inadai kazi. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha tripsini kumeng'enya protini, navyo huharibiwa kwa moto tu. Kwa hiyo kabla ya kununua unga wa soya sokoni, muulize muuzaji kama soya ilikaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa, na asipokuwa na jibu la wazi, usinunue. Unga wa lishe, ule mchanganyiko wa mahindi, soya, karanga na nafaka nyingine, ni chakula kizuri cha asubuhi, lakini sehemu kubwa yake huwa ni nafaka na hauwezi kuhesabiwa kama chanzo kikuu cha protini. Jihadhari pia kwamba wapo wauzaji wanaoita aina fulani ya maharage ya njano "soya", nayo ni maharage ya kawaida yenye protini ya maharage. Tofu ni tamu na laini kwa tumbo, ila hupatikana zaidi katika maduka makubwa ya mijini na kwa bei isiyolingana na maji yaliyomo ndani yake.

Kuna wanaume wanaoiogopa soya kwa kuamini kuwa inapunguza homoni za kiume. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010, na mwingine mwaka 2021, haukuona athari hiyo kwenye testosteroni. Hofu hii inawanyima watu chakula bora kabisa walicho nacho, nami ningependa iishe.

Nafasi ya pili: choroko na adesi

Choroko, ambazo Kenya huitwa ndengu, na adesi zina protini kama gramu 24 hadi 25 katika kila gramu 100 kavu, lakini kilichozipandisha hadi hapa ni mtungi wa gesi. Adesi nyekundu zilizoparazwa huiva chini ya nusu saa bila kulowekwa, na choroko hazichukui muda mrefu zaidi ya huo kwa mbali. Mtu anayerudi kutoka mazoezini saa mbili usiku, anayeishi peke yake na kupikia gesi, anapata mlo wa maana kabla usingizi haujamchukua. Chagua choroko za kijani kinachong'aa zenye ukubwa unaolingana, na uzisambaze kiganjani kutafuta matundu ya wadudu na vijiwe. Vijiwe hivyo vimevunja meno ya wengi.

Nafasi ya tatu: maharage, kunde na mbaazi

Kwa familia inayopika sufuria kubwa, maharage yanaweza kupanda hadi nafasi ya pili, maana moto mmoja unawalisha wengi kwa siku mbili. Kasoro yake ni muda wa kupika, na hapa umri wa maharage ndio unaoamua. Maharage yaliyokaa ghalani kwa muda mrefu katika joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba hata saa tatu za moto hazitoshi, na gharama ya mkaa inameza unafuu wa bei. Uliza ni ya msimu upi. Maharage mapya huwa na ngozi nyororo yenye mng'ao. Ya zamani hufifia rangi na kukunjamana. Yenye vumbi jeupe na harufu kali ya dawa yaache.

Yaloweke usiku kucha na uyamwage maji yake, kwani sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni huondoka na maji hayo. Kisha yachemke kwa nguvu, si kuachwa kwenye moto mdogo tangu mwanzo, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini, protini yenye sumu inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo hauiharibu. Kama hujazoea, anza na nusu kikombe kwa mlo na uongeze taratibu kwa wiki kadhaa, nawe usiyale ndani ya saa mbili kabla ya kunyanyua.

Kati ya asidi amino, mikunde yote hii ina lisini nyingi na upungufu wa methionini, nayo mahindi, mchele na ngano ni kinyume chake. Ugali na maharage, makande, wali na choroko, mbaazi za nazi na chapati, vyote vinakamilishana, wala si lazima viwe kwenye sahani moja ili mradi vimeliwa siku hiyo. Mbaazi za nazi ninazitaja kwa upendeleo: asubuhi ya siku ya mapumziko hakuna mlo unaozishinda.

Nafasi ya nne: karanga na mbegu

Karanga zina protini gramu 26 katika gramu 100, idadi inayopendeza hadi utakapoona kuwa nusu ya uzito wake ni mafuta na kwamba gramu hizo 100 zinabeba kalori zaidi ya 560. Zinunue kama chanzo cha nishati kwa mtu anayeshindwa kuongeza uzito, na uzihesabu protini yake kama nyongeza. Mbegu za maboga zina protini zaidi, karibu gramu 30, pamoja na zinki, lakini bei yake ni ya juu.

Kwa karanga tahadhari kuu ni sumukuvu. Kuvu wanaoitoa hupenda pia mahindi, na mwaka 2004 mahindi yaliyochafuliwa nayo mashariki mwa Kenya yaliwagusa watu 317, wakafa 125. Kukaanga hakuimalizi. Chambua karanga moja moja, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zenye ladha chungu, na usinunue siagi ya karanga isiyo na lebo wala alama ya ubora, kwa sababu iliyosagwa haichambuliki tena.

Nafasi ya tano: unga wa protini ya mimea

Unga wa njegere, mchele au soya uliochujwa una faida moja ya kweli, nayo ni wepesi. Gramu 25 za protini hunywewa kwa dakika mbili bila kujaza tumbo. Nimeuweka mwisho kwa sababu ya bei yake, na kwa sababu anayeufanya msingi wa chakula hukosa nyuzilishe, madini na utamu wa chakula chenyewe. Ukinunua, usitazame maandishi makubwa ya mbele. Gawanya gramu za protini kwa uzito wa kipimo kimoja: unga mzuri hufikia asilimia 75 hadi 80, na ulio chini ya 60 umejazwa sukari na vikorombwezo. Kwa kuwa mimea hufyonza metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu kutoka udongoni, tafuta unga uliopimwa na maabara huru. Wanaoshindana rasmi watafute alama ya NSF Certified for Sport au Informed Sport, ili wasije wakakutwa na dawa zilizokatazwa.

Kapu la wiki, na vitu viwili vya dukani

Kwa mtu wa kilo 70, siku moja inaweza kuwa na gramu 100 za vipande vya soya, gramu 150 za mikunde mingine, gramu 50 za karanga na gramu 200 za unga wa dona, vyote vikipimwa vikavu, jumla ikifikia gramu kama 112 za protini. Zigawe katika milo minne ya gramu 28 hivi. Kapu la wiki linakuwa gramu 700 za vipande vya soya, kilo moja na kidogo ya choroko au maharage, gramu 350 za karanga na unga kilo 1.4, ndipo uongeze mboga za majani, mafuta na matunda. Chai isogezwe mbali na mlo, kwa kuwa hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma, na ndimu au chungwa liwe karibu, kwa kuwa huuongeza. Mwenye ugonjwa wa figo aonane na daktari kabla ya kufuata viwango hivi.

Vitamini B12 si ya kuchagua. Mimea haina kiasi cha kutegemewa, na upungufu wake huharibu damu na neva polepole. Nunua vidonge katika duka la dawa, angalau mikrogramu 10 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki, kabla hata ya kununua pakiti ya kwanza ya soya. Kreatini, kemikali ya misulini inayosaidia kutoa nishati ya haraka, ni hiari, lakini asiyekula nyama wala samaki huwa na akiba ndogo yake misulini, na gramu 3 hadi 5 kwa siku husaidia katika seti nzito. Chagua kreatini monohaidreti ya poda isiyo na ladha: hutengenezwa viwandani bila mnyama, ni ya bei nafuu kuliko aina nyingine zinazotangazwa, na inakuepusha na kapsuli ambazo nyingi ni za jelatini.