Nimenunua kozi ya video za karate ya jadi, na kinachoniuma ni miguu

Nimekaa na hii kozi miezi minne sasa, nimeirudia mpaka vipande vingine nimevikariri, kwa hiyo nadhani naweza kuiongelea. Ni ya Shotokan, mmoja wa mitindo ya karate, ina kihon (mazoezi ya msingi), kata tano za Heian (kata ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa), kata nyingine ya Tekki Shodan, halafu mwishoni kipande kifupi cha bunkai, yaani maana ya miondoko ya kata kwenye mapigano. Jina sitaji maana nina malalamiko, na kiukweli makosa yake nshayaona kwenye video nyingine kibao, za kulipia na za bure.

Jamani, miguu! Karate ya jadi inaanzia chini, ngumi inatoka kwenye kisigino kilichokandamiza sakafu, inapita kwenye nyonga ndo inafika mkononi, sasa mtu akijirekodi kuanzia magotini kwenda juu anakufundisha nini hapo? Kwenye kozi hii kihon karibu yote ya oi zuki, ile ngumi ya kupiga hatua mbele, iko hivyo. Huoni kama zenkutsu dachi yake, ule msimamo wa kukunja goti la mbele, ina upana wa nyonga au miguu imekaa mstari mmoja kama anatembea juu ya kamba, huoni goti la mbele limeelekea wapi, mwalimu anasema tu "kunja goti vizuri" anaendelea zake. Mimi goti langu la mbele lilikuwa linaingia ndani, wiki kadhaa nafanya hivyo hivyo, likaanza kuuma, mpaka siku sensei wangu aliponiona akalisukuma nje kidogo kwa kiganja likakaa sawa na uelekeo wa vidole, basi, baada ya hapo maumivu yakaanza kupungua. Kitu cha sekunde kumi hicho, kamera ingekuwa chini ningekiona mwenyewe.

Sasa nina namna yangu ya kupima video yoyote ya kata. Nafungua Heian Shodan, ina miondoko 21 tu, naruka mpaka age uke (kizuio cha juu) ya tatu pale penye kiai (ukelele) ya kwanza. Hapo mguu wa kushoto unazunguka nyuma, unageuka digrii 270 ndo unatua na gedan barai (kizuio cha chini), na anayeanza karibu lazima apotee. Video nzuri inapunguza kasi hapo, inakuonyesha uzito uko mguu upi, kichwa kinaangalia wapi kabla mwili haujafuata, mguu unapita wapi, na inarudia kutokea mgongoni. Video mbovu inakata, yaani unaona age uke kutokea mbele, unapepesa macho, tayari mtu yuko kwenye gedan barai kutokea ubavuni. Hii kozi imekata! Ule ugumu wenyewe uliotufanya tununue video ndo umeondolewa, na naamini aliyehariri hajawahi kufanya kata maana anayefanya hawezi kukata pale.

Na hilo la mgongoni naomba watengenezaji wote walisikie. Mwalimu akikutazama usoni, kushoto kwake ni kulia kwako, ubongo unafanya kazi mbili kwa mpigo. Dojoni unasimama nyuma ya wakubwa unafuata migongo yao, kwanini video isifanye hivyo hivyo?

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa, sehemu ya Tekki Shodan ni nzuri mno. Ile kata inaenda pembeni tu, kulia na kushoto kwenye kiba dachi, msimamo kama wa mpanda farasi, na kosa kubwa la watu ni kunyanyuka wanapopitisha mguu mbele ya mwingine. Huyu mwalimu amefunga kamba usawa wa kichwa chake, akafanya kata nzima chini yake, na kamba haijatikisika hata mara moja. Mwili mzima unaonekana, mbele kisha nyuma, kasi ndogo kisha kasi ya kawaida. Namigaeshi, ule mguu unaopanda kama wimbi unaorudi, anakwambia kabisa kwamba mwili wa juu usiyumbe, halafu anafanya kwa makusudi vibaya ili uone kuyumba kunafananaje, na hicho kitu ni adimu sana kwenye video, kuonyeshwa kosa. Nimejifunza zaidi kwenye zile dakika chache kuliko kwenye kihon yote.

Bunkai haikunishawishi. Mshambuliaji anatoka mbali na oi zuki anauacha mkono hewani unasubiri. Hikite, yaani mkono unaovutwa nyuma huku wa pili unapiga, wanasema tu vuta ngumi kiunoni kwa nguvu, wakati walimu wengi wanaeleza kwamba mkono ule umeshika kitu, umeshika mkono au nguo ya mtu unamvuta kwako. Bila hiyo maana mtu anavuta tu kwa sababu kaambiwa.

Halafu kuna la majina, hili linapoteza watu kweli. Kata hizi za Heian, Anko Itosu, mwalimu wa Okinawa, alizipanga kwa jina la Pinan, Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, akaziita Heian na akabadilishana mbili za kwanza, kwa hiyo Pinan Shodan ya watu wa mitindo mingine kama Wado-ryu au Shito-ryu ndo Heian Nidan ya Shotokan. Video isiposema ni ya mtindo gani mwanafunzi anaweza kwenda kwenye mtihani na kata ambayo siyo. Hii kozi imesema mwanzoni kabisa, hapo nawapongeza.

Watu wananiuliza kwanini nisijifunze tu kwa klipu za mashindano. Ryo Kiyuna alipochukua dhahabu ya kata Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 niliangalia nikasisimka mwili mzima, lakini ile ni kazi iliyokamilika, haikwambii ilijengwaje. Afadhali zile rekodi za zamani za Hirokazu Kanazawa, mwalimu mkubwa wa Shotokan, picha mbaya lakini mwili unauona wote. Na kata ya Sanchin ya mtindo wa Goju-ryu mimi sishauri kabisa kuianza kwa video, mwalimu anatakiwa akuguse mabega na mgongo ajue unabana wapi na pumzi inaendaje.

Kwa anayeanza bila sensei, hii kozi usinunue. Kama ushapita Heian na una mtu wa kukurekebisha, nunua kwa ajili ya Tekki. Nimewaandikia wairekodi upya kihon, kamera ishuke chini na ikae nyuma, bado hawajajibu. Mimi jioni naifungua ile sehemu moja tu, nafunga kamba yangu, simu naiegesha sakafuni inirekodi, halafu naangalia kamba. Jana imetikisika mara mbili, zote kwenye hatua ya kurudi kushoto.