Hifadhi ya ripoti za NASA kuhusu vyombo vinavyorejea kwenye angahewa

Kwa mwalimu wa fizikia au mwanafunzi wa uhandisi aliyeko hapa Dodoma, ambaye hana handaki la upepo (njia ya kupuliza hewa kwa kasi juu ya modeli ya chombo) la kufanyia majaribio, sijaona huduma ya bure inayoizidi hifadhi ya ripoti za kiufundi ya NASA kwenye intaneti. Haidai usajili wala malipo, na thamani yake kubwa ni ripoti zinazoweka makadirio ya wahandisi kando ya vipimo vilivyopatikana chombo kilipokuwa kikirejea kwenye angahewa.

Anayeanza atafute ripoti za safari ya kwanza ya Columbia, chombo cha anga cha NASA chenye mabawa, ya Aprili 1981. Chombo kiliingia kimeinua pua kwa nyuzi 40 hivi, na kibawa cha nyuma, kilicho chini ya injini, kilitarajiwa kuteremka takriban nyuzi 8 ili kukiweka sawa. Kililazimika kuteremka takriban 16. Nyuma ya wimbi la mshtuko, yaani tabaka la hewa linalobanwa ghafla mbele ya chombo chenye kasi, hewa hupata joto kali kiasi cha kuvunja molekuli za oksijeni, hali ambayo mahandaki ya upepo ya wakati ule hayakuweza kuiiga kikamilifu. Shinikizo kwenye sehemu ya nyuma ya tumbo la chombo likawa dogo kuliko ilivyokadiriwa, pua ikaelekea kupanda. Namshukuru Mungu kwamba kibawa kilikuwa bado na nafasi ya kushuka, kwa maana ndani walikuwamo John Young na Robert Crippen.

Kinachonivutia zaidi ni uangalifu wa uchambuzi. Nguvu za hewa hukokotolewa kutokana na mchapuko wa chombo, lakini ili kupata vizigeu vyake, yaani namba zinazolinganisha nguvu hizo na kasi, densiti na ukubwa wa chombo, ni lazima kujua densiti ya hewa katika kimo hicho, nayo ni vigumu kuipima. Ndiyo maana uwiano wa nguvu ya kuinua kwa nguvu ya ukinzani huaminika zaidi, kwa kuwa densiti iko pande zote mbili na kosa lake hujifuta. Katika safari hiyo uwiano huo ulikaribiana vizuri na makadirio.

Ripoti nyingi za miaka ile hutumia futi na pauni, kwa hiyo mwalimu atenge muda wa kubadili vipimo kabla ya kipindi. Kwenye simu alama za grafu hazionekani vizuri. Ni afadhali kuchapisha kurasa za grafu peke yake kwenye steshenari, kwa karatasi ya A3 ikiwezekana, ili nukta za safari zitofautiane na mstari wa makadirio.