Bia Tano Mezani: Ipi Ufunge Safari, Ipi Uisubiri Ulipo

Karibuni tena watazamaji. Leo mezani kuna bia tano, na swali ni moja kwa zote: ufunge safari ukainywe kwao, au utaipata vizuri tu hapo hapo ulipo? Bia ikitoka kiwandani safari yake haijaisha. Mbele yake kuna pipa, gesi, mipira ya kupitishia bia, bomba, glasi na mkono wa mhudumu, na popote hapo inaweza kuharibika. Ndiyo maana bia yenye jina lile lile huteremka vizuri baa hii, ukavuka barabara ukaiacha nusu glasi.

Tuanze na glasi yenyewe. Tazama hii ya kushoto. Vile vipovu vidogo vilivyong'ang'ania ukutani, chini ya povu, vinakuambia kuna mafuta au mabaki ya chakula. Gesi inapata pa kushikilia, na povu la juu linakufa mapema. Sasa tazama ya kulia: kuta safi, na kila funda linaacha pete yake ya povu, pete chini ya pete mpaka mwisho. Ukitaka kupima glasi zako, ilowanishe, imwage maji, kisha nyunyizia chumvi ndani. Kwenye glasi safi chumvi inashika kila mahali. Penye mafuta inabaki doa tupu. Wakosaji wakubwa ni rangi ya mdomo, glasi kuoshwa pamoja na vyombo vya maziwa, na kitambaa cha kufutia. Glasi iachwe ikauke yenyewe, imepinduliwa juu ya kichanja kinachopitisha hewa.

Glasi iliyogandishwa kwenye friza ikatae. Inapendeza kwenye picha, lakini barafu iliyoganda ukutani inafanya bia itoe povu hovyo, ikiyeyuka inaongeza maji, na baridi yake inaua ladha ulimini. Tena angalia mdomo wa bomba wakati wa kumimina. Ukizama ndani ya bia, mabaki ya sukari na vijidudu vinahama kutoka glasi moja hadi nyingine siku nzima.

Haya, pua sasa. Nusa kabla povu halijatulia, maana harufu inapotea haraka. Ukipata siagi, au bisi za sinema, hiyo ni daisetili. Inaweza kuwa kosa la mpishi aliyeiharakisha bia kabla chachu haijamaliza kazi yake, na inaweza kuwa bakteria waliojenga makao ndani ya mipira. Utajuaje? Agiza kionjo cha bia nyingine kutoka bomba jirani. Siagi ikiwa kwenye zote mbili, mshitaki baa. Ikiwa kwenye moja tu, agiza bia hiyo hiyo ya chupa kama ipo, ulinganishe. Siki nayo, kwa bia ambayo haikupikwa iwe na uchachu, mara nyingi ni mipira michafu au pipa lililoingiza hewa. Harufu ya karatasi ya boksi iliyolowa ni uzee na joto: bia imekaa ghalani, oksijeni imeila. Harufu ya tufaa bichi ni bia changa. Harufu ya plasta ya kidonda mara nyingi ni klorini, ya maji au ya dawa ya kusafishia, iliyokutana na bia.

Halafu kuna harufu ya kicheche. Hii ni mwanga, basi. Mwanga wa jua unavunja uchungu wa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu na harufu, na kuzaa kemikali yenye salfa, na juani dakika chache zinatosha. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani inazuia kidogo. Ya kioo cheupe karibu haizuii kitu. Kopo linazuia wote. Kwa hiyo usiniambie kwamba bia ya chupa ya kijani "ndivyo ilivyo." Sivyo ilivyo, imechomwa.

Kuhusu mipira: chama cha viwanda vidogo vya Marekani, Brewers Association, kinashauri isafishwe kwa dawa ya magadi kila wiki mbili, na kwa dawa ya asidi kila miezi mitatu ili kung'oa ukoko wa mawe. Usimuulize mhudumu kama mipira inasafishwa. Atasema ndiyo, angesema nini kingine? Muulize ipi inatoka sana leo, na pipa hili limefunguliwa lini. Majibu ya maswali hayo mawili yana faida kuliko menyu nzima.

Bia ya kwanza mezani: eli ya kaski ya Uingereza, yaani bia inayokomaa ndani ya pipa lake. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kaski siyo kegi. Kegi inakuja na bia iliyokwisha kukamilika, na gesi ya mtungi inaisukuma. Kaski inakuja na chachu hai ndani, na bia inaendelea kuchachuka humo humo ndani ya stoo ya baa. Kaski ya kawaida inaitwa firkin, galoni 9 za Kiingereza, painti 72. Mtunza stoo anailaza mahali pake bila kuitikisa tena, anagonga kijiti laini cha mti kwenye tundu la juu ili gesi ya ziada itoke taratibu, kisha anaweka kijiti kigumu kuizuia iliyobaki. Machicha yanatua chini. Akiiharakisha, unaletewa bia yenye ukungu na ladha ya hamira. Akichelewa kuziba, gesi inaisha na unaletewa bia iliyolala.

Ikishafunguliwa, kila painti inayovutwa juu inaingiza hewa ndani ya kaski. Siku ya kwanza hewa hiyo haina neno, wapo hata wanaosema inalainisha bia. Baada ya siku tatu hivi inaanza kuigeuza. Sasa fanya hesabu: painti 72, siku tatu, ni painti 24 kwa siku kwa kila pampu. Ukiingia baa yenye pampu nane na wateja wanne, toka. Au agiza kegi. Baa yenye pampu mbili na watu wengi inaishinda baa yenye pampu kumi na viti vitupu, kila mara.

Inatolewa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, na hapo ndipo wageni wanapolalamika kwamba ni ya moto. Siyo ya moto, ni ya stoo. Ukiipoza hadi nyuzi 4 kimea kinanyamaza na uchungu unabaki peke yake. Kaskazini mwa Uingereza utakuta kifuniko kidogo chenye matundu mdomoni mwa pampu. Kinapiga povu zito na kulainisha uchungu. Kusini wengi hawakitumii. Agiza zote mbili ukipata nafasi, kwa sababu ni bia mbili tofauti. Chama cha wanywaji kinachoitetea eli hii, CAMRA, kilianzishwa mwaka 1971, wakati kegi ilikuwa inaimeza. Hukumu: funga safari. Hii haisafiri vizuri. Ile ya chupa yenye jina hilo hilo ni binamu yake tu.

Ya pili, Guinness ya bomba, ile bia nyeusi ya Ireland. Watu wengi wanaapa kwamba ya Dublin haina mfano. Siri kubwa ni naitrojeni. Gesi inayosukuma bia hii ni mchanganyiko, takriban robo tatu naitrojeni na robo kaboni dioksaidi. Naitrojeni haipendi kuyeyuka ndani ya bia, kwa hiyo inapolazimishwa kupita kwenye kisahani chenye vitundu vidogo ndani ya bomba, inatoka kama vipovu vidogo mno, ndiyo ile krimu. Glasi inainamishwa nyuzi 45, inajazwa robo tatu, inaachwa itulie mpaka weusi ujitenge, kisha inajaziwa wima. Ikikosewa, kosa lake linaonekana kwa macho: mapovu makubwa kama ya sabuni maana yake baa imetumia gesi isiyo sahihi au shinikizo si lake, na povu jembamba linalokufa haraka ni ile glasi chafu tuliyoanza nayo.

Kwa kuwa mambo yote hayo ni ufundi wa baa, Guinness nzuri inapatikana popote penye mteja wa kutosha na mhudumu anayejali. Kopo lenye kidude cha plastiki ndani, lililotoka mwaka 1988, linafanya kazi ile ile: ukifungua, shinikizo linashuka na naitrojeni iliyofungiwa inaruka nje kwa nguvu. Lipoze saa tatu au zaidi, fungua, mimina lote kwa mkupuo. Likiwa na joto litafurika meza. Ila jihadhari na jina. Foreign Extra Stout ni bia nyingine kabisa, ya gesi ya kawaida, kali, toleo la Ireland ni asilimia 7.5 wakati ya bomba ni 4.2. Hukumu: isubiri ulipo.

Ya tatu, Pilsner Urquell, iliyopikwa mara ya kwanza Plzeň mwaka 1842 na Josef Groll. Ukienda Ucheki tafuta baa yenye matangi. Bia inaletwa bila kuchemshwa kuua vijidudu, inaingizwa kwenye mfuko safi ndani ya tangi, na hewa inabana mfuko kwa nje bila kuigusa bia. Humo hakuna gesi ya kuongezea. Bomba lao linafunguka kwa pembeni, na povu linamiminwa kwanza, bia inaingia chini yake. Aina ya kawaida ni hladinka, yenye povu la vidole vitatu hivi. Usimwombe mhudumu alipunguze. Povu lile zito ndilo linaloilinda bia isipigwe na hewa. Ipo na mlíko, glasi karibu yote povu tamu, ya kunywa kwa haraka. Kwa pua utapata daisetili kidogo, na hapa, kwa bia hii, imekubalika. Hukumu: tangi linastahili nauli, lakini kopo jipya lililokaa kwenye baridi ni bia nzuri sana. Soma tarehe.

Tarehe yenyewe ina mtego. Inayoandikwa mara nyingi ni ya mwisho wa matumizi, na kila kiwanda kinajipimia muda wake. Unayoitaka ni ya kufungasha. Kwa IPA (aina ya eli) zenye harufu nzito ya hopsi ni muhimu zaidi, kwa sababu harufu hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka, na joto linaifukuza. IPA iliyosafiri na kukaa rafuni miezi sita bila friji nisingeilipia.

Ya nne ni Kölsch, bia ya mji wa Köln, Ujerumani, jina linalolindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1997. Nyepesi, safi, haina pa kuficha kosa. Inaletwa kwenye glasi nyembamba ya mililita 200, na mhudumu anaendelea kuleta nyingine huku akichora alama kwenye kikaratasi cha kuwekea glasi, mpaka ukiweke juu ya glasi kuonyesha umetosheka. Glasi ndogo ina maana yake: povu la Kölsch ni dhaifu, ikikaa inalala. Nje ya Köln mara nyingi unaipata kwenye glasi ya nusu lita, na nusu ya pili unakunywa ikiwa imekufa. Hukumu: safari, ila ukiwa unapita.

Neno kuhusu vipimo, maana vinaumiza. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473, na Australia Kusini ukiomba painti unaletewa 425. Kwa kuonja, omba theluthi ya painti, mililita 189, na anza na nyepesi, malizia na kali, zenye uchachu na za moshi. Maji katikati. Tazama asilimia: theluthi moja ya stauti (bia nyeusi) ya asilimia 10 ina alkoholi sawa na mililita 472 za bia ya asilimia 4. Vionjo vitano vya namna hiyo si vionjo tena, na funguo za gari ziwe kwa mtu mwingine.

Ya tano na ya mwisho, gueuze ya Ubelgiji, kama ile ya Cantillon, kiwanda cha Brussels cha tangu 1900. Uji wa kimea unapozwa usiku kucha kwenye beseni pana lililo wazi, majira ya baridi, na chachu ya mwituni inaingia yenyewe. Kisha ni mapipa ya mbao, halafu wanachanganya ya mwaka mmoja, miwili na mitatu na kuitia kwenye chupa ichachuke tena. Ni kali kwa uchachu, ina harufu ya stoo kuukuu na ngozi ya limau, na wengi wanaikataa funda la kwanza. Nipe funda la tatu ndipo tubishane. Hukumu: isubiri ulipo, hakuna bia inayosafiri vizuri kama hii. Inaweza kukaa miaka mingi gizani kwenye ubaridi.

Ukinunua huko kwao, weka kwenye begi la kupakia chini, maana viwanja vingi vya ndege haviruhusu chupa ya zaidi ya mililita 100 kabini. Funga kila chupa kwenye nguo mbili, katikati ya begi, shingo isiguse ukuta, na ujue kikomo cha forodha cha unakokwenda. Ukifika, isimamishe wima siku moja machicha yatue, ipoze hadi nyuzi 10 au 12, shika kizibo huku ukizungusha chupa, na mimina kwa mfululizo mmoja bila kuisimamisha chupa. Acha sentimita mbili za chini.