Kiti cha gari cha mtoto kama analelewa na jjajja, yaya au dereva: kipi kwanza, kipi usiguse

Ukiingia duka la vitu vya watoto hapa Kampala, au ukifungua Jumia na Jiji, muuzaji atakuuliza bajeti yako na rangi unayotaka, pinki au bluu. Swali lenye maana hakuna anayeliuliza: huyo mtoto atakuwa anafungwa na nani? Kwa wengi wetu sio baba wala mama. Ni jjajja (bibi au babu) anayekuja kumchukua kutoka Mukono, ni yaya anayepanda naye speshal, yaani teksi ya kukodi peke yako, kwenda kuchanjwa, ni dereva wa baba, ni shangazi anayempitisha dekea (kituo cha kulea watoto mchana) akielekea kazini kwake. Wewe mwenyewe utamfunga wikiendi. Kwahiyo hii orodha sijaipanga kwa kampuni wala kwa bei, nimeipanga kwa mikono itakayokitumia: kiti ambacho ni vigumu mtu kukosea ndio kinakaa juu, hata kama si kile kizuri kuliko vyote kwenye picha. Na bei sitaandika, kila kontena ikiingia zinabadilika na muuzaji wa Kikuubo na yule wa Acacia Mall hawaishi dunia moja.

Kabla ya orodha, suala la kutazama nyuma, maana hili ndilo litaleta ugomvi nyumbani. Mtoto mchanga kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake wote na shingo bado laini, gari ikigonga kwa mbele kichwa ndio kinarushwa, lakini akiwa ametazama nyuma mgongo wa kiti unapokea kichwa na shingo na uti wa mgongo vyote kwa pamoja. Kanuni ya Ulaya inaitwa R129 inataka atazame nyuma angalau mpaka miezi 15, madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2018 wanasema aendelee mpaka afike mwisho wa kilo au urefu ulioandikwa kwenye kiti chenyewe, na Sweden huko wengi wanawaacha mpaka karibu miaka minne. Waambie walezi mapema, sababu jjajja ataona miguu ya mjukuu imekunjika atamhurumia na kumgeuza. Miguu kukunjika haina neno, angalia vile mtoto anavyokaa mkekani.

Haya. Namba moja kwangu ni kiti kikubwa kinachogeuzwa, kile cha kuanzia kuzaliwa kikitazama nyuma na baadaye mbele, ila kinafungwa kwenye gari ya mlezi na KINABAKI HUKO. Unakifunga wewe, vizuri, ukiwa na muda, na kazi ya mlezi inabaki moja tu, kumfunga mtoto mikanda. Mfano ni Joie Stages, inatazama nyuma tangu kuzaliwa mpaka kilo 18, na mtindo kama huo ziko kampuni nyingine. Unapochagua angalia kama mikanda ya bega inapanda na kushuka pamoja na kile cha kichwa kwa kuvuta kitu kimoja. Vile vya kuchomoa mikanda kwa nyuma na kuipitisha tundu lingine sio vya nyumba yenye walezi watatu, mtu ataichomoa siku ya kufua afu airudishe imejipinda. Ubaya wa hiki kiti ni mkubwa kwa mwili, ukikiweka nyuma ya dereva mrefu kwenye gari ndogo kama Vitz magoti yake yatagonga dashibodi, kwahiyo kijaribu ndani ya ile gari yenyewe sio kwa kukisia. Pia mtoto akilala lazima umtoe umuamshe. Wazazi wanalalamika sana kwa hilo, mimi naona ni faida na nitasema kwanini sasa hivi.

Namba mbili, kile cha kubeba chenye mpini, watu wengine wanakiita kapu. Kwa mtoto wa miezi ya mwanzo kinakaa mwili wake vizuri kuliko kikubwa, na kama ukinunua na besi yake (kitako kinachobaki kimefungwa garini) basi mlezi anasukuma tu mpaka kilie tak, hakuna mkanda wa gari wa kuzungusha. Ukiwa na magari mawili unanunua besi mbili na kapu moja. Maxi-Cosi CabrioFix ni wa aina hii, mwisho wake kilo 12 au 13 kutegemea toleo, na Graco SnugRide kwa wanaoletewa kutoka Marekani. Sasa mbona sio namba moja, kwasababu ya kile kinachotokea gari ikishapaki. Mtoto kalala, jjajja anabeba kapu kama lilivyo anaweka sebuleni, tena juu ya kochi, analegeza mikanda mtoto apumue, anaenda kumenya matooke. Ndani ya gari kapu limelala kwa pembe yake, chini kwenye sakafu pembe inabadilika, kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa ya mtoto mdogo inabanwa kimya kimya, na mikanda iliyolegezwa nusu inaweza kumkaba. Juu ya kochi kapu linapinduka. Kwahiyo sharti la kununua kapu ni moja, mmekubaliana kwamba mkifika tu mtoto anatolewa na kulazwa kitandani kwa mgongo hata akiamka akalia. Kama unajua mama yako hatalikubali hilo (wengine wetu tunawajua mama zetu) basi rudi namba moja. Safari ndefu pia, Kampala kwenda Gulu au Kabale, simameni kila baada ya masaa mawili hivi mtoto anyooke, na mchanga wa wiki za kwanza mapema zaidi ya hapo.

Tatu ni kiti chepesi cha kuhamisha, kwa yaya anayepanda speshal, Uber au Bolt. Hapa uzito ndio kila kitu, kiti kizito kitaachwa nyumbani wiki ya pili tu. Cosco Scenera ya Marekani inajulikana kwa huo wepesi. Lakini kuhamisha maana yake kukifunga upya kila safari, dereva anapiga honi, nyuma naye anapigiwa honi, yaya anaharakisha. Mfundishe kwa mkanda wa gari sio ISOFIX (vile vyuma vya kunasia kiti vilivyojengwa kwenye siti za gari), maana hujui gari gani itakuja. Na hapa kuna mtego ambao wauzaji hawausemi: viti vingi vya Marekani vinategemea mkanda wa gari unaojikaza wenyewe. Jaribu hivi, vuta mkanda polepole mpaka mwisho kabisa afu uachie urudi, ukisikia kra-kra-kra na hauvutiki tena uko sawa. Ukiendelea kuvutika kama kawaida, huo mkanda hautakishika kiti peke yake, unahitaji kiti chenye kibanio chake cha mkanda. Na zile gari za zamani kutoka Japan siti ya katikati nyuma mara nyingi ina mkanda wa kiunoni tu, viti vingi vya Ulaya haviruhusiwi hapo, soma lebo ya pembeni.

Dereva akisema "weka mbele hapa kuna nafasi", hapana. Kiti kinachotazama nyuma hakikai mbele ya eabegi (mfuko wa hewa) inayofanya kazi, ikilipuka inapiga mgongo wa kiti palepale kichwa kilipo. Na teksi zetu za watu 14, kama siti haina mkanda hicho kiti ulichobeba hakisaidii kitu, siku hizo kama uwezo upo lipia speshal. Boda sitaijadili.

Namba nne, kilichotumika. Hapa nikae kidogo kwasababu ndio wengi wetu tunaponunua, mivumba (mitumba) ya soko la Owino au kwa mtu anayehama au dada aliyeko London anatuma kwenye boksi pamoja na nguo. Kiti cha dada yako ambaye anajua historia yake ni kizuri kuliko kipya cha ajabu ajabu, sina shida nacho. Shida ni cha mtu usiyemjua. Kiti kilichokuwa ndani ya ajali plastiki inaweza kuwa na ufa usioonekana chini ya kitambaa, na Ulaya na Marekani vingine vinatupwa kwa sababu hiyohiyo afu vinapanda meli. Kigeuze tumbo juu utafute tarehe, imegandamizwa kwenye plastiki, vingi maisha yake ni kati ya miaka 6 na 10. Vua kitambaa chote, tafuta ufa, tafuta pale plastiki imegeuka nyeupe kwa kupindwa. Vuta mikanda yote, isiwe na nyuzi zilizochanika. Funga na kufungua kifungo mara nyingi. Halafu lebo: cha Ulaya kina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni (E4 ni Uholanzi, E11 Uingereza), imeandikwa R129 au R44/04. R44 ni ya zamani, Ulaya waliacha kuviuza madukani Septemba 2024, ndio maana vitakuja kwetu kwa wingi na kwa bei ya chini, na R44/04 sio mbaya kama kiti ni kizima. Cha Marekani hakina hiyo lebo ya chungwa, kinaandikwa kwamba kinatimiza kanuni za shirikisho za usalama wa magari, na kina klipu ya kifuani ambayo inakaa usawa wa kwapa, sio tumboni. Kiti kisicho na lebo yoyote, mwache nacho muuzaji hata akikuapia.

Tano, vile vya "kuzaliwa mpaka miaka 12". Vinavutia sana kwa mfuko. Vingine ni vizuri lakini ukikifanya kimoja kitoshe mchanga na mtoto wa shule, mara nyingi mchanga ndio anakosa, analala wima sana kichwa kinadondoka mbele. Kwa mtoto aliyeshafika miaka miwili na zaidi nakielewa, kwa mchanga nakipa namba tano tu.

Ya kutoguswa ni vile vya kitambaa, mto wenye mikanda unaofungwa kwenye siti, viko tele mtandaoni vya bei ya soda. Havina ganda gumu, hakuna kitu kinachoshika kichwa, Uingereza hata kuviuza hairuhusiwi. Muuzaji anasema ni "cha safari". Banange, jamani.

Ukishajua aina, nunua hivi. Kama mtoto anapanda gari mbili kila wiki, nunua viti viwili vya AINA MOJA, hata kama ni vya bei ya kati, kuliko kimoja cha kifahari kwa baba na kingine cha ovyo kwa jjajja. Mikono ikizoea kifungo kimoja haikosei, ukiwa na cha Marekani gari hii na cha Ulaya gari ile, mlezi atakuwa anatafuta klipu ya kifuani ambayo haipo. Maelekezo yanakuja kwa Kiingereza au Kichina, kwahiyo rekodi video fupi kwa simu kwa lugha yake, Kiswahili, Luganda, Runyankole, Kilugbara, yoyote, na piga picha ya mtoto akiwa amefungwa sawasawa uibandike ubavuni mwa kiti. Vitu vya kumfundisha ni vichache: ubane mkanda begani kwa vidole viwili, ukikunjika bado umelegea. Akitazama nyuma mikanda itokee usawa wa bega au chini kidogo. Kiti kishikwe pale mkanda wa gari unapopita kitikiswe, kikisogea zaidi ya inchi moja bado hakijafungwa.

Blanketi hilo ndilo gumu kuliko vyote. Sisi tunafunika watoto hata jua la Arua, na Kabale ndio kabisa sweta tatu na shali. Nguo nene chini ya mikanda inajibana wakati wa ajali na mikanda inabaki imelegea, mtoto anachomoka. Afungwe na nguo za kawaida, blanketi liwekwe JUU ya mikanda. Ukimuelezea bibi kwamba blanketi bado lipo limehama tu mahali, anakubali.

Na kufua: mtoto akitapika, yaya mwenye bidii ataloweka kila kitu kwenye Omo na Jiki. Kitambaa sawa kama lebo inaruhusu, mikanda hapana, dawa inadhoofisha nyuzi, inafutwa na kitambaa chenye maji tu. Gari ikipaki juani funika kiti na kitenge, kile chuma cha kifungo kinaunguza, na mtoto asiachwe ndani ya gari hata dakika za kununua mkate, madirisha yakiwa wazi kidogo haisaidii.

Dekea nayo inayochukua watoto kwa gari yao, nenda uone hiyo gari kabla hujalipa muhula, siti ngapi zina mikanda ya bega na nani anakaa nyuma na watoto.

Siku ya kununua nenda na huyo mlezi na ile gari. Mwombe muuzaji mshuke nacho mpaka parking, mlezi akifunge mwenyewe wewe ukinyamaza, afu akifungue, afu akifunge tena. Akishindwa mara ya pili jaribuni kingine. Muuzaji akikataa kukitoa dukani, maduka ni mengi.