Programu za kusinki mafaili: hesabu mafaili kabla hujanunua terabaiti

Machi nililipia hifadhi ya mtandaoni ya terabaiti 2 kwa mwaka mzima, pamoja na programu yake ya kusinki, yaani inayofanya mafaili ya kompyuta yako na ya upande wa pili yawe sawasawa muda wote. Kazi zangu zote za picha za harusi na kipaimara zilikuwa terabaiti 1.3, nikajua nafasi ipo tele. Siku ya nne laptopu bado ilikuwa inaunguruma, na kwenye skrini ni maneno yale yale: "inakagua mabadiliko". Bibi harusi niliyemuahidi picha Ijumaa, hata moja yake haikuwa imepanda. Nilipowaandikia wahudumu wakaniuliza jambo ambalo ukurasa wao wa bei haukuligusa popote: una mafaili mangapi?

Weka kipanya juu ya folda yako, bofya kulia, fungua Properties, usubiri. Yangu ilihesabu mpaka 412,308. Picha zenyewe hazikufika laki moja. Zilizobaki ni vifaili vya kilobaiti chache: rekodi za marekebisho ya kila picha, na vijipicha vya onyesho ambavyo Lightroom, programu ya kuhariri picha, huvitengeneza kwa maelfu.

Terabaiti moja ya picha ghafi (RAW, kama zinavyotoka kwenye kamera) za megabaiti 25 ni mafaili 40,000. Terabaiti hiyo hiyo ikiwa ya vifaili vya kilobaiti 100 ni mafaili milioni 10. Programu ya kusinki inaliandikia kila faili mstari wake kwenye daftari, yaani orodha yake ya ndani ya mafaili, kisha inalinganisha jina, ukubwa na tarehe na upande wa pili. Hata ukiwa na intaneti ya kasi namna gani, kazi hiyo haipungui. Kwa hiyo hapa sitazungumzia uzuri wa programu wala idadi ya simu inazokubali. Nimezipanga kwa kitu kimoja: nani anabeba mafaili mengi bila kuanguka.

Ya kwanza ni Syncthing, na simfichi mtu kwamba ndiyo ninayoipenda. Haiuzwi, ni ya bure, na mafaili yanakwenda moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta. Zikiwa kwenye Wi-Fi moja, bando haliguswi. Siku ya kwanza itakutesa, kwa sababu inasoma kila faili mwanzo hadi mwisho ili ipate alama yake ya utambulisho. Baada ya hapo inaangalia ukubwa na tarehe tu. Ukibadilisha jina la folda yenye picha 8,000, upande wa pili unatumia vipande ulivyonavyo tayari badala ya kuvuta upya. Ukaguzi kamili umewekwa kila baada ya saa moja. Kwa mkusanyiko mkubwa weka muda huo uwe sekunde 86,400, yaani mara moja kwa siku, mabadiliko ya papo hapo yatanaswa bila hiyo. Toleo la 2 la mwaka 2025 limehamishia daftari lake kwenye SQLite, aina ya hifadhidata, na mwenye mafaili mengi aache kompyuta ikae nayo siku ya kuhama. Washa pia utunzaji wa matoleo ya zamani: faili likifutwa huku, na kule linafutwa.

Ya pili ni Dropbox, hifadhi ya mtandaoni. Wenyewe wanaeleza kuwa utendaji unaweza kushuka ukizidisha mafaili 300,000, na ninawaheshimu kwa kulisema. Kompyuta za ofisi moja zinaweza kupeana faili zenyewe, ila lazima lipande kwanza mtandaoni. OneDrive inafuata; Microsoft nao wanashauri usizidishe 300,000. Nextcloud, hifadhi unayoweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, ni nzuri kwa nyaraka, lakini vifaili vidogo vinaichosha. Gigabaiti 15 za bure za Google ni za wasifu wa kazi na vyeti.

Ukibaki na huduma ya kulipia, funga kila kazi iliyokwisha kwenye zip moja isiyobana, maana picha ya JPEG imeshabanwa, haibaniki zaidi. Harusi ya mafaili 3,000 inakuwa faili moja.

Pesa uliyookoa kwa kutonunua terabaiti za mtandaoni, nunua SSD halisi, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, ya kuweka daftari la programu na kazi za sasa, na hapa ndipo ninapokasirika. Kariakoo niliuziwa "SSD ya terabaiti 4" kwa shilingi 90,000. Kuifungua, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyogundishwa kwenye kipande cha saketi, imedanganywa ijitangaze kubwa. Inakubali kunakili mpaka mwisho, majina yote unayaona, ukifungua picha ni kijivu. Muuzaji akaniambia bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Huyo anajua anachouza, na mtu anapoteza harusi ya mwenzake kwa sababu yake. Ipo programu ya bure inayoitwa H2testw: inaijaza diski yote kisha inaisoma upya, kwa terabaiti kadhaa ni kazi ya saa nyingi. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba una siku 3 za kuijaribu. Akikataa kuandika, nenda duka la pili.